Pua, Kioo na Bwana Loos

Orodha ya vitabu anavyopewa mwanafunzi wa usanifu ina ukatili wake wa kimyakimya. Wiki hii anasoma Adolf Loos, wiki ijayo Donald Norman, wala hakuna anayemdokeza kwamba wawili hawa wangekutanishwa kwenye baraza moja angetafutwa mzee wa kuwasuluhisha. Loos, msanifu majengo wa Vienna mwanzoni mwa karne ya 20, alishikilia kuwa pambo ni uhalifu, na hakuwa akitania: kwake yeye, mtu wa zama hizi anayejichora mwili ama ni mhalifu ama amepotoka. (Heri hakualikwa Lamu siku ya bibi harusi kutiwa hina.) Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, alitoa mwaka 1988 kitabu kinachomtetea kila aliyewahi kuvuta mlango wa kusukumwa: aliyekosa si mtu, ni mlango.

Ukivisoma kwa kufuatanisha, cha pili kinageuka shahidi dhidi ya cha kwanza. Norman anasimulia kisa cha rafiki yake aliyenaswa kwenye lango la posta katika mji mmoja wa Ulaya, katikati ya safu mbili za milango ya kioo. Bawaba hazikuonekana, nguzo hazikuonekana, kila kitu ambacho kingeharibu urembo wa kioo kilikuwa kimefichwa. Basi mtu mzima, mwenye akili timamu, akawa anasukuma upande wenye bawaba, na kioo kimetulia kama hakimsikii. Mlango ule haukuwa na hata chembe ya ule uhalifu wa Loos, ila aliyefungwa ni mpita njia. Kwetu nako, majengo ya ofisi yenye vioo vilivyosuguliwa hadi vikatoweka yameshavunja heshima ya pua nyingi, na dawa yake huwa ile ile: mtu anatumwa kubandika mstari, au maua ya plastiki, usawa wa macho. Pambo lilifukuzwa na msanifu, likarudishwa na mlinzi kwa gundi.

Sasa utazame mlango wa kuchonga wa Unguja. Katikati unasimama mfaa, ule mti wa wima uliojaa nakshi, nao unakuonyesha palipo na mwachano wa mbao mbili hata kabla hujapiga hodi. Jicho linavutwa na uchongaji, mkono unalifuata jicho. Atatokea mjuaji aulize: na ile misumari ya shaba je? Inasemekana asili yake ni India, iliwekwa kuzuia tembo wasibomoe milango, na Unguja haijawahi kusumbuliwa na tembo wa vita. Nakubali, kwa tembo haina kazi. Lakini inamwambia mgeni amefika kwa mtu wa namna gani, avue viatu mapema na ashushe sauti, na huo nao ni ujumbe ambao kioo kitupu hakiwezi kuufikisha.

Hoja nzito ya Loos ni nyingine: pambo linapoteza jasho la fundi. Hiyo haitupwi hivi hivi, kwani seremala anayelipwa kwa mlango na si kwa saa anajua uchungu wake. Ila jengo lake mwenyewe pale Michaelerplatz limevikwa chini marumaru ya Ugiriki yenye mishipa ya kijani, na marumaru haijikati wala haijing'arishi yenyewe. Juu aliacha ukuta mtupu na madirisha matupu, watu wa Vienna wakaliita nyumba isiyo na nyusi, na mwaka 1910 wakuu wa jiji wakasimamisha ujenzi. Mshtaki mkuu wa mapambo akaachiwa kwa dhamana: alikubali kuning'iniza vyombo vya maua madirishani.