Mume wa Pauni 29,000

Ramadhani ya mwaka 2024 haikuwa na ndoa mtaani kwetu Mbagala, na sisi tukasubiri Idd ipite kama watu wengine. Idd mosi ikaangukia tarehe 10 Aprili. Tarehe 11, Idd pili, biriani bado liko sufuriani, serikali ya Uingereza ikapandisha kipato anachotakiwa kuwa nacho mtu anayetaka kumvuta mwenza wake akaishi naye huko: kutoka pauni 18,600 kwa mwaka, kiwango kilichokuwepo tangu 2012, hadi pauni 29,000. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 90. Mama mkwe, aliyeshikilia kwamba ndoa ya harakaharaka ina mkosi, mpaka leo hapendi habari hii izungumzwe akiwepo.

Mke wangu ni mtoto wa Temeke mwenye pasi ya Uingereza, anatunza wazee huko Leicester. Mimi nauza viatu vya mtumba Tandika. Vingi vimetoka hukohuko kwao, vimevuka bahari mpaka bandarini bila kuulizwa kipato.

Habari ya kuthibitisha kipato ilipozagaa mtaani, kila mtu alijiona ana kipande cha ushahidi. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye barua zake zimeshafungua akaunti, zimedhamini watu polisi na kuandikisha watoto shule, aliona hili nalo ni la barua. Aliandika kwa mkono kwamba ananifahamu, sina ugomvi na mtu, na "uwezo anao". Akagonga muhuri mara mbili, wa pili kwa ajili ya Wazungu.

Mimi nilitegemea daftari langu. Ni kaunta buku lililochakaa pembe, na ukurasa wake mmoja unasomeka hivi: "Mwalimu wa Yombo, buti, 18, kalipa 10. Dada wa saluni, raba nyeupe, 12, Ijumaa. Yule mrefu, kachukua mguu mmoja, wa pili akileta hela." Ukiniuliza mimi, hayo ni mahesabu kamili. Mguu wa pili wa yule mrefu ninao dukani hadi leo.

Karatasi pekee ya serikali inayogusa kipato changu ni kitambulisho cha wafanyabiashara wadogo, vile vilivyoanza kugawiwa na Rais Magufuli Desemba 2018 kwa shilingi 20,000. Nilikichukua kwa furaha maana mwenye nacho alipumua kidogo na mgambo. Sharti lake lilikuwa mauzo yako yasizidi shilingi milioni 4 kwa mwaka. Yaani hati rasmi niliyonayo kuhusu uchumi wangu ilitolewa kushuhudia kwamba sina kitu. Mtu wa Tandika ana uzoefu wa miaka wa kuonekana hohehahe afisa wa kodi anapopita. Leo mtu huyohuyo atafute karatasi ya kuonyesha kwamba pesa zipo!

Nilipomsomea mke wangu orodha ya vielelezo vya viza kwenye simu, alicheka mpaka mzee anayemtunza usiku akaamka.

"Hawataki cha kwako," akasema. "Biashara ya mume aliye nje haihesabiwi, hata uuze viatu vya Tandika nzima. Wanataka slipu zangu."

Nilijisikia nafuu, halafu nikajisikia vibaya. Mzaramo mzima natakiwa kutunzwa, tena kisheria.

Kima cha chini cha mshahara kule mwaka ule kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Ukipiga hesabu, kufikisha 29,000 ilikuwa karibu saa 49 kila wiki, wiki zote 52. Anayelipwa kwa saa wanamjumlishia slipu za miezi 6, wanatafuta wastani, wanazidisha mara 12, na kila slipu lazima ionekane imeingia benki. Vibarua vya usafi vya Jumamosi, vya kulipwa mkononi bila slipu, havipo duniani. Na akichukua mwezi bila malipo aje Mbagala kuniona, wastani unaporomoka. Ili aishi na mimi, inabidi asije kunitembelea. Nimelirudia hili mara nyingi nikitafuta mahali pa kukasirika, naishia kumuuliza kama amekula.

Hiyo 29,000 nayo ilikuwa ipande tena hadi 38,700. Serikali mpya iliyoingia Julai 2024 ikausimamisha mpango huo, na nadhani Tandika nzima ni mimi pekee niliyefuatilia uchaguzi wa Uingereza kama mechi ya Simba na Yanga.

Kuna njia nyingine, ya akiba, na hiyo ndiyo iliyotupeleka kwa baba mdogo, Charambe. Baba mdogo alikuwa mweka hazina wa harusi yetu, na tangu hapo hajaona tatizo lisilohitaji kamati. Nikamweleza: asiye na kipato cha kutosha anaweza kuonyesha pauni 88,500 benki. Pauni 16,000 za mwanzo hazihesabiwi, zinazobaki zinagawanywa kwa 2.5. Hizo 88,500 hazikumshtua. Kilichomshtua ni zile 16,000.

"Sasa hizo za mwanzo anakula nani?"

Akapendekeza tuchange, tuweke, waone, kisha kila mtu achukue chake. Lakini pesa hiyo inatakiwa ikae miezi 6. Ndugu zangu, zaidi ya shilingi milioni 270, miezi 6, kwa jina la mtu wa ukoo wetu! Miezi 6 ya Mbagala ina misiba, ina ada, ina masika na ukuta wa choo cha shangazi. Mimi nimewahi kuweka laki 3 kwenye kibubu, na habari zilifika Kisarawe kabla noti ya mwisho haijatumbukia.

Tena inakubalika ya zawadi, ya mkopo haikubaliki. Baba mdogo, mtu wa utaratibu, akazungusha karatasi kwa ndugu waliokuwepo, kila mmoja aandike jina, kiasi, na maneno "natoa, sidai". Watu waliokuwa wanaongea wote kwa pamoja wakakumbuka daladala. Karatasi ilirudi na jina moja, la bibi, shilingi 2,000, ameandikiwa na mjukuu.

Slipu za Leicester zinaendelea kukusanywa. Grupu la WhatsApp la kamati nalo halikufutwa. Baba mdogo amelibadilisha jina, sasa linachangia kupaua nyumba ya mjomba Kongowe. Juzi nimeikuta orodha ya makadirio: wa bodaboda elfu 10, mwalimu elfu 30, mimi laki 2. Nikauliza hiyo laki 2 wameipataje. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, watu wote wasikie:

"Wewe si una mke Ulaya?"

Nimetuma elfu 20. Iliyobaki nimeahidi mwisho wa mwezi.