Namna ya Kupanda Treni ya Kampala Ukiwa Mangobo

Umefika Mangobo, hapa Kisangani, umepata chumba, na mkobani una ramani. Ni ramani nzuri. Mistari myekundu inatoka Mombasa na Dar es Salaam, inazunguka maziwa, inatoboa mipaka, na mmoja wao umekuja kuishia Kisangani. Umesikia pia kwamba tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukajisemea kwamba mtu wa Mangobo sasa ataweza kulala kwake, kufanya kazi kwa jirani na kurudi jioni kula sombe. Maelekezo haya yameandikwa kwa ajili yako. Yasome yote kabla hujamlipa mtu.

Kwanza stesheni. Usiitafute Mangobo, wala Makiso, wala Tshopo, wala Kabondo. Iko ng'ambo, Lubunga, na katikati yenu kuna mto Kongo, ambao hapa Kisangani hauna daraja. Kwa hiyo safari yako ya reli ya kimataifa itaanza kwa toleka, yaani baiskeli ya abiria yenye mto wa sponji nyuma, ikupeleke hadi ukingoni. Kisha utapanda pirogi, yaani mtumbwi. Ukifika Lubunga utakuwa umelipa nauli mbili na hujaona hata taruma moja. Mkiwa katikati ya maji, mwenye kasia akikuuliza unakwenda wapi, mwambie Ubundu. Ukimwambia Kampala atadhani huna pesa na unamtania ili akusamehe.

Usimlaumu Mungu wala gavana kwa jambo hili la daraja. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu miwili inayotazamana juu ya mto huuhuu, na daraja lao la magari na treni bado liko kwenye mikutano. Kule Matadi daraja lipo, lilifunguliwa 1983, tena liliundwa likiwa na nafasi ya kupitisha reli. Nafasi hiyo ipo mpaka leo. Reli ndiyo haikuja.

Sasa utauliza kwa nini stesheni ikawekwa upande ule wakati umati wa watu uko huku. Jibu ni kwamba hakuna aliyewafikiria watu. Kati ya Ubundu na Kisangani mto unashuka maporomoko saba, la mwisho likiwa pale Wagenia ambako wavuvi hutega vikapu vyao kwenye miti iliyokitwa ndani ya maji, na meli haiwezi kupita. Kampuni iliyoanzishwa 1902 na tajiri wa Kibelgiji, Édouard Empain, ilitandika kilomita 125 za reli ili mizigo iruke mawe hayo. Mwaka 1906 kazi ikaisha. Mpira na pembe za ndovu vilishuka melini Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, vikapanda treni, vikashuka Stanleyville, ndiyo Kisangani, vikaingia meli nyingine kuelekea baharini. Ni reli ya kuruka mawe. Ukiipanda ukitarajia ikufikishe kazini asubuhi, kosa ni lako, si lake.

Na lipo jambo litakalokufurahisha. Mpango wa kwanza wa kampuni hiyo haukuwa Ubundu. Ulikuwa ni kutoka Stanleyville moja kwa moja hadi Mahagi, kwenye Ziwa Albert, mlangoni kwa Uganda. Yaani treni unayoitafuta imekaa kwenye karatasi kwa miaka zaidi ya 120. Ofisa yeyote akikuambia kwamba ni wazo jipya, mpe kiti akae, kwa maana ana safari ndefu mbele yake.

Tuseme basi umeamua kupitia kusini, kupitia Kigoma, kwa sababu kwenye ramani njia hiyo ipo kweli. Ipo. Utapanda treni hadi Ubundu, siku itakapotoka, kwani huduma ya njia hii imekuwa ya kukatikakatika kwa miaka mingi, na watu wa huko wamezoea kusukuma baiskeli zenye magunia porini badala ya kungoja honi. Ubundu utachukua chombo cha majini hadi Kindu. Kindu utapanda treni nyingine hadi Kabalo, halafu kilomita 273 hadi Kalemie, kisha utavuka Ziwa Tanganyika kwa meli. Kigoma utakuta reli ambayo Wajerumani waliifikisha pale 1914. Usibebe chakula cha mchana tu.

Ukishamaliza kuhesabu vyombo, hesabu upana wa reli. Hapa ndipo wageni wengi huanza kunung'unika. Njia ya Ubundu ina upana wa milimita 1,000. Ile ya Kindu kwenda Kalemie ilikuwa hivyohivyo, mpaka miaka ya 1950 ilipopanuliwa kuwa 1,067 ili iungane na reli za Katanga. Kaskazini, ile iliyokuwa ikibeba pamba ya Uele kupitia Aketi na Isiro hadi Mungbere ilikuwa na milimita 600, na sehemu kubwa yake sasa imemezwa na majani. Tanzania wanazo tatu: ya zamani ya milimita 1,000, ya TAZARA ya 1,067, na ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ya 1,435. Behewa la Ubundu basi haliwezi kukanyaga reli ya Kindu ambayo ni ya kampuni moja na nchi moja nayo, lakini lingeweza kutembea vizuri Kigoma. Ni kama mtu aliyekosana na ndugu wa nyumba moja akawa anapatana sana na shemeji wa ng'ambo ya ziwa. Tatizo ni kumfikia huyo shemeji.

Saa pia zina mambo yake. Kampala na Kigoma ziko saa moja mbele ya Kisangani. Ukitoka kazini Kampala saa kumi na moja jioni, Mangobo ni saa kumi. Ingekuwepo treni ya kufumba na kufumbua, ungefika nyumbani kabla hujatoka kazini. Hii ndiyo faida pekee ambayo mtandao huu wa kikanda unakupa hadi sasa, na huilipii.

Kuhusu karatasi, beba zote. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiiache kamwe. Beba na noti ndogondogo, maana kila penye gati au kizuizi kuna mtu na meza, na kila mwenye meza ana kitabu cha risiti au hana. Akikuomba maharage ya watoto wake, usimtafutie maharage; anataka noti. Muite chef, uliza habari za familia, na uwe na muda kuliko yeye. Msafiri mwenye haraka hulipa mara mbili.

Njiani kwenda Ubundu utapita Biaro, kilomita 41 hivi. Hapa acha mzaha. Mwaka 1997 wakimbizi wa Rwanda walipiga kambi kando ya reli hii, na wengi waliuawa au wakafa kwa njaa na maradhi. Tarehe 4 Mei mwaka huo treni ya kuwarudisha ilitoka Biaro ikiwa imeshindiliwa watu. Ilipofika Kisangani, 91 walikuwa wamekufa kwa kukosa hewa na kukanyagwa. Mtaalamu akija Lubunga kuzungumzia idadi ya abiria ambao behewa moja linaweza kubeba, na mzee mmoja akainuka na kuondoka, asimkimbilie kumuuliza alichokosea.

Kuhusu majirani, usidhani kwamba wanashindwa kufika Kisangani kwa sababu ya ukosefu wa reli. Walishafika. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya mji huu, mbali kabisa na mipaka yao yote miwili, na mabomu yao hayakuuliza nani ana tiketi. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa uharibifu wa vita vya miaka ile, na Kisangani ni sehemu ya hesabu hiyo. Hivyo ukimwambia mama anayeuza mkaa hapa mtaani kwamba unakuja kuwaunganisha na Kampala, usishangae akikuuliza: "Papa, tena?"

Turudi kwenye ramani yako. Fuata kila mstari kwa kidole na uangalie unakoishia. Reli ya Uganda ilifika Kasese, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, mwaka 1956. Ilifuata shaba ya Kilembe. Shaba ilikoma, na baadaye treni nayo ikakoma. Reli ya Lobito, ambayo Rais Joe Biden wa Marekani aliifuata hadi Angola Desemba 2024, inafuata shaba na kobalti ya Kolwezi. Mkataba ambao Tanzania na Burundi zilisaini Januari 2025 ni wa reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati, na Musongati kuna nikeli. Wapangaji wanasema kwamba baadaye itaendelea hadi Uvira na Kindu. Unaona kidole chako kimesimama wapi kila mara? Ushauri wa bure: ukitaka reli ikufuate nyumbani, chimba uani kwanza. Abiria wa Mangobo hana madini mwilini, na ndiyo maana mhandisi akimtazama haoni njia.

Kosa kubwa la wageni, na la wenyeji wenye suti pia, ni kuamini kwamba treni ndefu huzaa treni fupi. Wanasema tuunganishe kwanza bandari na bandari, nchi na nchi, halafu mtu wa kawaida atadandia. Mimi nasema hajadandia mpaka leo. Treni za watu wa kila siku zilizofanikiwa Afrika Mashariki hazikuanzia mpakani. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza kubeba wafanyakazi kati ya Ubungo na Stesheni kwa mabehewa ya zamani juu ya reli ya zamani, ya milimita 1,000 kama hii ya Lubunga. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa wakati huo, na wakaijaza. Mwaka huohuo Nairobi ilifungua stesheni ya Syokimau. Kinshasa nako treni ya mji imekuwepo kwa miaka mingi, mbovu, iliyojaa, yenye watu hadi juu ya paa, na hakuna aliyehitaji kupewa semina ili aipande. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyosubiri jirani asaini.

Kwa hiyo ukiwa ni mtaalamu uliyetumwa kufanya upembuzi yakinifu, ukaletewa gari lenye kiyoyozi likutoe hotelini Makiso, lirudishe. Amka saa kumi na moja. Njoo Mangobo usimame kando ya barabara inayoelekea katikati ya mji kabla jua halijatoka. Utawaona: wenye mabeseni kichwani wakielekea soko kuu, wanafunzi wa chuo kikuu wenye viatu mkononi ikiwa mvua imenyesha, mafundi, walimu, askari waliomaliza lindo wakitembea kinyume cha wote. Wengi wako kwa miguu. Usihesabu walio kwenye toleka na pikipiki peke yao, maana hao ndio wenye pesa asubuhi hiyo. Kisha nenda mtoni uhesabu pirogi. Jioni rudi uhesabu tena, kwa sababu wapo wanaokwenda kwa toleka wakiwa na matumaini na kurudi kwa miguu baada ya biashara kuwa mbaya.

Hesabu hiyo haitakupa mstari mwekundu wa kuvuka mipaka mitatu. Itakupa mstari mfupi, labda wa kilomita chache, kutoka mtaani hadi mtoni, na kivuko kinachoondoka kwa saa inayojulikana. Mkubwa wako hataupenda, kwa sababu hakuna rais atakayekuja na mkasi kukata utepe wa jambo dogo namna hiyo. Mpelekee hivyohivyo, na chini yake andika nauli. Isizidi ya toleka. Ikizidi hata kidogo, treni yako itakwenda ikiwa na kondakta na wageni wa heshima, na vijana wa baiskeli watakuwa wakiipita kandokando huku wakipiga kengele.

Na ukiwa bado unataka Kampala leo, panda ndege kama wanavyofanya wenye haraka, au pikipiki na lori kupitia misitu ya Ituri kama wanavyofanya wengine wote. Lakini kwanza lazima utoke hapa Mangobo. Muite yule kijana mwenye mto mpya wa sponji, si huyu aliyelala juu ya usukani. Patana bei kabla hujakaa, na usimtajie neno la reli mpaka mmefika.