Gavana, Mjomba Pauni na Kodi ya Zuio

Ndugu yangu unayeishi kwenye nyumba yenye mshahara mmoja, hali unaijua: hela huingia kwa jina lako na kutoka kwa amri ya mwingine. Kwangu hapa Kasulu mwenye amri ni Mama Neema. Mimi na watoto tunamwita Gavana, maana sera zote za fedha hutoka kwake na hazina rufaa. Mimi ni mwalimu. Kazi yangu ni kusaini.

Safari hii balaa lilitoka kwa kaka yake, anayeishi Leicester. Watoto wanamwita Mjomba Pauni, ingawa pauni zenyewe hatujaziona. Yeye hutuma ujumbe wa sauti. Siku hiyo alituma wa kumaliza bando: "Shemeji, unakatwa kodi bure! Akiba iandike jina la dada." Akaeleza kwamba Uingereza kila mtu ana pauni 12,570 za kipato kwa mwaka zisizoguswa na kodi ya mapato, na asiye na mshahara anaweza kupata nafuu ya pauni 5,000 zaidi kwenye riba ya akiba. Basi wanandoa ambao mmoja tu ndiye anayefanya kazi huhamishia akiba kwa mwenzake, riba ikapona.

Kwa kule ni kweli tupu. Shida ni kwamba Gavana alikuwa jikoni anasonga ugali wa muhogo, na katika maneno yote hayo alisikia mawili: "jina la dada". Kesho yake tulikuwa benki, yeye kitenge kipya, mimi na kitambulisho.

Huku kwetu mambo ni mengine. Kwenye mshahara, sawa, kila mtu hukatwa kivyake, na shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi haziguswi. Lakini riba ya benki hukatwa asilimia 10, kodi ya zuio, kabla haijaingia kwenye akaunti, na hapo ndipo mwisho wake. Haiulizi kama mwenye akaunti ana ajira au anasonga ugali. Ni kama kitindamimba wetu. Mgebuka ukitoka jikoni, yeye hunyofoa kipande kwenye kila sahani kabla haijafika mezani, iwe ya baba, ya bibi, hata ya mgeni. Hamishia samaki wako kwenye sahani ya mama yake, kitanyofolewa vilevile. Tangu siku ile tunamwita Zuio, na mwalimu wake wa chekechea naye kalipokea jina.

Dada wa benki alitufafanulia yote haya taratibu, huku akiendelea kujaza fomu. Nikasema, basi tuache. Gavana akanitazama. "Baba Neema, si tumeshafika?" Milioni 2 zikaenda amana ya mwaka mmoja, kwa jina lake.

Msimu wa maharage ukafika. Mama mkwe yuko Kibondo na simu zake ni fupi: "Bei imeshuka, leteni hela." (Simsemi sana, ndiye aliyenipa mke. Lakini mama yule hukadiria debe kwa macho mpaka mwenye mzani anaona aibu.) Gavana akavunja amana. Mimi nilijua magunia yalipojaa sebuleni, na kochi langu la kusahihishia madaftari likahamia barazani kwa kuku. Kwa masharti ya benki yetu, ukivunja kabla ya muda riba inapotea. Riba sifuri, kodi sifuri. Mjomba Pauni akatuma pongezi: si alisema kodi itapungua?

Ningelalamika, lakini hii ni nchi ya Heru, iliyotawaliwa na Mwami mwanamke, Theresa Ntare, tangu enzi za Mwingereza. Wanaume wa huku tumeshazoea.

Maharage yaliuzwa vizuri, nikiri. Gavana akarudi na swali moja: zikae wapi zisinyofolewe? Dawa ipo, wala haihusiani na jina la mtu. Riba ya hatifungani za serikali za muda mrefu zinazouzwa na Benki Kuu, kama za miaka 20 au 25, haikatwi kodi ya zuio. Kianzio ni milioni 1, na riba hulipwa kila miezi sita. Asiyetaka kufunga hela kwa muda mrefu ana mifuko ya UTT AMIS, ambako faida ya mwekezaji nayo haikatwi. Mimi nilitaka UTT, ada ikibana nichomoe. Gavana akachagua miaka 25, ati Zuio ataolea. Na ada je? "Si una mshahara?"

Fomu imejazwa kwa jina la Mama Neema. Nawe mwenzangu, usijisumbue kubadili jina kwenye akaunti ya benki, asilimia 10 iko palepale. Na kama una shemeji Ulaya, mwambie spika ya simu yako imekufa.