Thamosi ya Harusi

Katika nyumba yetu ya Kangaru, nje kidogo ya mji wa Embu, kuna vitu vitatu ambavyo siruhusiwi kugusa: simu ya mke wangu, kikapu cha mayai, na thamosi ya lita tatu tuliyotunukiwa siku ya harusi. Thamosi hiyo ilikuwa na maua mekundu ubavuni na kioo ndani, ile ya zamani inayolaza chai ikaamka bado ya moto. Ilitoka kabatini kwa wageni wa kanisa peke yao, kisha ikaoshwa, ikakaushwa, ikarudishwa. Nimeanza nayo kwa sababu marehemu hutajwa kwanza.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Shemeji, kaka yake mke wangu, alishuka kutoka Nairobi na chupa ya jini na maneno mengi. Alikuwa ameingia hoteli moja kubwa na bosi wake, wakaletewa kinywaji kinachoitwa martini, mafunda matatu tu, kwa bei ambayo hapa Embu ingekununulia jogoo wawili na nauli ya kuwafikisha nyumbani.

"Na ndani mna nini?" nikamuuliza.

"Jini. Na zeituni."

"Zeituni ngapi?"

"Moja. Juu ya kijiti."

Nikaona huo ni wizi unaoweza kufanyiwa hata nyumbani. Jioni ya Jumamosi nikaita marafiki: Mwalimu, anayefundisha kemia, Fundi, anayeuza mbao na posti za ua kando ya barabara ya Runyenjes, na Sista, jirani yetu muuguzi. Masharti yalikuwa mepesi. Kila mtu abuni martini yake kwa alichonacho kwake, tuonje, na atakayeshindwa aoshe vyombo. Mke wangu naye aliweka yake: tusiguse vyombo vya wageni, na mama yake asijue. Mama mkwe alikuwa ameteremka kutoka Manyatta kuonyesha magoti yake kwa daktari, na alikuwa amelala chumba cha mapacha wetu.

Kabla kizibo hakijaguswa, Sista alichukua ile chupa akaigeuza kwenye taa. Akatafuta stempu ya ushuru ya KRA, akatoa simu na kuichunguza kwa ile programu ya Soma Label. Hakuna aliyecheka. Sisi wa Embu tunaikumbuka Mei 2014, pombe iliyotiwa methanoli ilipoua makumi ya watu katika kaunti kadhaa na hapa kwetu pakaumia vibaya. Walionusurika, baadhi yao waliachwa bila macho. Februari 2024 yakatokea tena kwa jirani zetu wa Kirinyaga. Sista hasimulii aliyoyaona kazini. Anachofanya ni kuomba chupa aione kwanza, hata kwenye harusi ya mtu, na ukikataa anavaa koti anaenda zake.

Stempu ilikuwa halali. Tukaendelea.

Sasa, martini yenyewe, alivyotueleza Mwalimu, ni jini na vermuti. Vermuti ni divai iliyolowekwa mimea michungu, hasa pakanga. Unachanganya na barafu mpaka glasi itoke jasho, unachuja, unadondosha zeituni. Wakorofi wa kinywaji hiki huibania sana vermuti: Luis Buñuel, yule mtengeneza filamu wa Uhispania, aliandika kwamba yatosha mwale wa jua kupita kwenye chupa ya vermuti na kuigusa ile ya jini. Fundi akasema huyo ni mtu wa kula ugali kwa harufu ya nyama ya jirani.

Shemeji hakutaka habari za Uhispania. Mwenye martini ni James Bond, na Bond hakorogi, anatikisa. Mwalimu akamjibu kwamba kutikisa kunaingiza hewa, kinywaji kinakuwa na ukungu. Kukoroga ndiko kunakokiacha kikiwa safi kama maji ya Rupingazi kabla ya mvua. Walibishana robo saa. Mimi nilikuwa upande wa Bond, na sasa mnajua thamosi ilikufaje.

Shida ya kwanza ilikuwa barafu. Mapacha wetu, wa miaka tisa, wana biashara: huchanganya maji na juisi ya unga, hufunga katika mifuko midogo, hugandisha, na kuuza langoni shilingi tano. Barafu yote iliyokuwemo nyumbani mwetu usiku ule ilikuwa mali yao, na yote ilikuwa nyekundu. Kwa hiyo kila martini iliyobuniwa Kangaru, iwe ya nani, ilitoka na rangi ya kucha za bibi harusi. Glasi zenye shina hatuna pia. Tulitumia vibakuli vya aiskrimu.

Fundi alianza. Alitoa mfukoni makadamia manne, akatazama dirishani kwanza, maana Desemba ni msimu wa marufuku. Serikali hufunga uvunaji miezi hiyo ili watu wasiuze kokwa changa. Akaomba nyundo. Ganda la makadamia halina mzaha, na pigo la tatu lilipeleka kokwa moja nyuma ya kabati ambako ingali hadi leo. Tatu zilizobaki aliziweka mahali pa zeituni. Zikazama. Juu ya kinywaji pakaelea mafuta membamba, na chini kokwa changa ikakaa kama jino. Tukaonja kwa heshima, maana aliyeileta ana mikono mikubwa.

Lakini ni huyu Fundi aliyetupa jambo la maana kuliko yote. Alipoinusa jini tupu, kabla ya barafu, alikaa kimya. Akanusa tena.

"Hii ni posti," akasema.

"Posti gani?"

"Mtarakwa. Ukiupasua kwa msumeno, unga wake unanuka hivi hivi."

Tukamcheka mpaka Mwalimu alipoinua mkono kama yuko darasani. Fundi hakukosea. Kinachoifanya jini iwe jini ni tunda dogo la mti wa jamii ya mtarakwa unaomea Ulaya. Na mtarakwa wetu, ambao wanasayansi huuita Juniperus procera, una matunda yake vilevile. Kuna jini inayotengenezwa Nairobi kwa matunda hayo na hata jina lake ni Procera. Yaani miaka hii yote tumekuwa tukizungushia ng'ombe ua wa kitu ambacho wenzetu wanakinywa katika hoteli za jogoo wawili!

Nilishika tochi nikatoka mbio hadi kwenye ua wa nyuma, nikarudi na konzi nzima. Fundi akamulika, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimechuma saiprasi, mbegu ngumu kama vifungo vya koti. Watu wengi huku huichanganya miti hii miwili, wengine huiita kwa jina moja, na gizani mimi ni mmoja wao. Mtarakwa halisi uliokuwepo kwangu ulikuwa posti za ua, zilizokufa zamani. Shemeji akapendekeza tuchonge kibanzi cha posti tukorogee. Nikakumbusha kwamba nilizipaka oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa. Sista akasema neno moja tu: "Hapana." Alilirudia baadaye, Shemeji alipotoa pakiti ya muguka na kutaka kuiloweka kwenye jini. Mimi kama Mmeru nilimuunga mkono Sista kwa sababu zangu binafsi. Kama ni lazima kuharibu jini kwa majani, kwa nini yasiwe miraa ya Igembe?

Ya Mwalimu ilikuwa ukwaju. Alikuwa ameununua Siakago, chini kule Mbeere kwenye joto, akauloweka tangu asubuhi, akauchuja mara mbili kwa kitambaa na kuujaza kwenye jagi. Akatia vijiko viwili kwa jini kiasi, akakoroga polepole akihesabu kimoyomoyo. Tulionja tukatazamana. Kilikuwa kinywaji. Kikali kilikuwa kikali, lakini ule uchachu ulikipokea kile kiharufu cha posti na kukikalisha chini kwa adabu. Mwalimu alieleza, na safari hii tulimwacha amalize: asidi iliyo nyingi ndani ya ukwaju ndiyo ile ile iliyo kwenye zabibu, asidi ya tartariki, kwa hiyo ukikosa divai, ukwaju ni binamu yake wa karibu kuliko limau. Fundi alirudia kibakuli. Sista pia, na Sista huwa harudii kitu.

Hapo ningekubali kushindwa, vyombo vingeoshwa, watu wangelala. Lakini mimi nilikuwa na muratina.

Ilitoka kwa baba yangu mdogo, huko Kaaga, upande wa pili wa mji wa Meru, ambako walikuwa wakijiandaa kupokea watu wa mahari. Wengi wanalijua jina na hawajui kazi yake. Tunda la mvungunya, lile refu kama soseji, halileweshi. Hupasuliwa, hukaushwa, kisha hulazwa ndani ya maji ya asali au ya miwa, karibu na moto, na hamira inayojificha katika nyuzi zake ndiyo inayofanya kazi usiku kucha. Hesabu yangu ilikuwa hii: kama vermuti ni divai yenye mimea, basi muratina ni vermuti iliyozaliwa kwetu. Bado naona hesabu haikuwa mbaya. Nilichosahau ni kwamba hamira haijui kuwa safari imeanza. Mtungi wa lita tano ulivuka ikweta, ukapita Nkubu, Chogoria, Chuka, ukateremka Thuci na kupanda Runyenjes, zaidi ya kilomita 100 za kona, ukiwa chini ya kiti cha matatu. Mara mbili kondakta alinifokea niulegeze mfuniko kwa sababu ulikuwa unafoka kama nyoka.

Nikahitaji chombo cha kutikisia. Kikubwa, chenye kifuniko cha kukaza.

Mke wangu alikuwa jikoni. Nilifungua kabati taratibu.

Wakati huo huo, katika chumba cha mapacha, mambo mengine yalikuwa yakiiva. Wale watoto walikuwa hawajalala. Walikuwa wakihesabu mifuko ya barafu iliyopotea. Bibi yao akawauliza kelele hizo ni za nini. Wakamjibu kwamba mjomba ameleta jini kutoka Nairobi, iko kwa chupa, na baba sasa anaitoa. Watoto wa siku hizi hawana ngeli. Ingekuwa lugha yao imenyooka, mama mkwe angejua kama ni jini *hii* au jini *hili*. Lakini yeye ni mama wa kanisa, husikiliza mahubiri redioni kila usiku, na habari za majini ya Mombasa anazo za kutosha. Akavaa leso, akachukua Biblia na tochi.

Mimi nilikuwa nimeshajaza: muratina nusu, jini kiasi, vipande vya mwisho vya barafu. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zote za Meru. Nikainua thamosi juu ya bega, nikatikisa kama Bond.

Mlango ulifunguliwa. "Toka! Kwa jina la Yesu, toka!"

Ikatoka. Kifuniko kilipiga silingi, kikarudi, kikaangusha picha ya harusi. Povu la waridi lilikifuata. Mimi nikaachia thamosi, ikaanguka sakafuni, na ndani yake nikasikia kile kioo kikivunjika, sauti ndogo tu, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Mke wangu aliisikia kutoka jikoni. Hakuuliza ni nini.

Mama mkwe alimulika mmoja mmoja. Kwetu mtu hukaa mbali na mama mkwe hata akiwa amevaa suti. Mimi nilikuwa na povu masikioni.

"Baba Mapacha. Hilo jini liko wapi?"

"Limetoka, mama."

Akainama, akachovya kidole kwenye kitambaa cha kochi, akanusa. "Muratina," akasema. "Na mmeifunga ikiwa bado inachemka. Nani hufunga muratina inayochemka?" Utotoni alikuwa akitwanga miwa kwa ajili ya wazee wa babake, akaeleza, na enzi hizo kijana wa rika langu hangesogelea kibuyu, sembuse kukitikisa. Kisha akaona jagi la Mwalimu. "Na hii?"

Tukatazama chini. Sista ndiye aliyejibu, maana hajazoea kudanganya mgonjwa. "Ukwaju, mama. Na jini, ile ya kunywa."

"Mm," akasema mama mkwe, akarudi kulala.

Vyombo niliosha mimi. Asubuhi mapacha waliniletea karatasi iliyochanwa kwenye daftari: barafu 23, shilingi 115. Soko lote la Embu nilizunguka nikitafuta kioo cha thamosi cha lita tatu. Nilipata cha lita moja na cha lita mbili. Siku ya Krismasi wageni wa kanisa walinywa chai kutoka kwa sufuria iliyofunikwa kwa sinia, na kila aliyeuliza alielezwa, kwa kirefu, mimi nikiwa papo hapo.

Mama mkwe alipoondoka aliomba ile jini iliyobaki, akandie magoti. Mke wangu aliifunga kwa gazeti, akaitia kwenye kiondo. Tuliongea kwa simu Januari.

"Magoti yanaendeleaje, mama?"

"Yanaendelea vizuri sana. Ile dawa imekaribia kwisha." Akanyamaza kidogo. "Baba Mapacha, hebu muulize yule Mwalimu kama bado ana ukwaju."