Shajara ya Taa: Siku Nane Nungwi

Ijumaa. Bamvua, msimu wa tanga mbili.
Taa ya kuzamia niliyoagiza imefika. Bei shilingi 95,000. Juu ya boksi pameandikwa lumeni 10,000, kina cha mita 100, betri moja. Nataka kuwapigia video ya miamba watoto wa skuli ya hapa kijijini. Baba zao huvua pale kila siku, lakini wengi wao hawajapata kuona kilichoko chini.

Nimekaa barazani na kalamu. Betri yake ni ya umbo la 18650, ambalo hata likiwa bora hubeba kama mAh 3,500 kwa volti 3.7, sawa na wati-saa 13. LED ya kawaida hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo lumeni 10,000 zataka wati 100. Betri hii ingekauka kabla ya dakika nane, tena ingelazimika kutoa ampea 27 kwa mkupuo. Maneno ya kwenye boksi hayawezekani. Hesabu hii ingefaa kufanywa kabla ya kulipa.

Jumamosi.
Betri iliyokuja na taa imeandikwa mAh 9,900. Nimepanda daladala 116 hadi mjini, nikaingia kwa sonara nikamwomba mizani yake. Ile betri ina gramu 33. Nilikuwa pia na betri ya 18650 niliyoitoa kwenye kompyuta mbovu. Hiyo ina gramu 46. Nzuri za umbo hilo huwa kati ya gramu 45 na 50. Sonara ameigeuza mkononi akasema, "Mwanangu, hii haikujazwa." Hakutaka malipo. Nauli ya kwenda na kurudi nimelipa mimi, na betri nyingine sikuipata.

Jumapili.
Nilitaka kujua taa inawaka muda gani. Nimeiwasha juu ya meza nikaenda kuteka maji. Niliporudi ilikuwa imepunguza mwanga yenyewe, na kitambaa cha plastiki cha mama kimeyeyuka mahali pa ukubwa wa sarafu. Taa za kuzamia hupozwa na maji. Nje ya maji joto halina pa kwenda. Mama amesema, "Kitambaa kilikuwa cha sikukuu." Nimemwomba radhi.

Jioni nimerudia jaribio ndani ya ndoo. Dakika 17 za mwanga kamili, kisha ikafifia. Mbizi moja huchukua kama dakika 45.

Jumatatu.
Kisiwa cha Mnemba, mita 18. Nilijifunga mkononi kipande cha kanga nyekundu ili nione rangi inavyopotea. Mita 5 kilikuwa rangi ya tofali. Mita 10, kahawia. Mita 18, cheusi kama mkaa. Maji hunyonya wekundu kwanza, halafu rangi ya chungwa, halafu manjano. Buluu ndiyo inayofika mbali.

Nikawasha taa karibu na mkono. Wekundu ukarudi papo hapo, wekundu wa dukani. Nikaurefusha mkono, ukapungua. Kasa akapita umbali wa mita nne, nikammulika na kumpiga video mpaka akatoweka. Kwenye video yote, chenye rangi ni kanga yangu tu. Mwanga wa taa hulipa ushuru mara mbili, kwenda kwa kasa na kurudi kwenye kamera. Mita nne zimekuwa nane, na wekundu wote umebaki njiani.

Mtoto wa jirani ameitazama video akauliza, "Kaka, kasa ni buluu?" Nimemwambia si buluu. Hakuonekana kusadiki.

Jumanne.
Tumezama maji yakitoka. Bamvua bado ina nguvu, na mkondo ulikuwa umechota mchanga na uchafu wa ufukweni. Taa nilikuwa nimeifunga juu kabisa ya lenzi. Video nzima imejaa nukta nyeupe, samaki yuko nyuma yake kama mtu aliye nyuma ya pazia.

Nahodha wetu alipata kubeba magunia kwenye ghala la karafuu kule Pemba. Ameniambia, "Vumbi likitimka, usiweke tochi kwenye paji la uso. Iweke pembeni, utaliona gunia." Chini ya maji ni vivyo hivyo. Taa ikikaa jirani na lenzi, kila chembe hurudisha mwanga moja kwa moja kwenye kamera. Ikikaa mbali na lenzi na kugeuzwa kidogo kwa nje, samaki hupata ukingo wa mwanga, na maji yaliyo mbele ya lenzi hubaki gizani.

Fundi baskeli amenikatia bapa la alumini la sentimita 40 la kuitenga taa na kamera, akalitoboa matundu mawili. Kazi ya nusu saa.

Jumatano.
Taa yangu ilikuwa kwenye chaji, nikaazima tochi ya mzamiaji mwenzangu. Ni tochi nzuri, ya bei kubwa kuliko yangu. Tumemkuta samaki mkunga akitoa kichwa pangoni. Kwenye video uso wake umekuwa doa jeupe lisilo na macho, na pango lote ni giza. Tochi ya kutafutia hubana mwanga kwenye digrii 10 au 15, ili ufike mbali. Ya video yapaswa kuutawanya digrii 100 mpaka 120. Hizi ni zana mbili tofauti, hata zikiuzwa rafu moja.

Alhamisi.
Mita 12, taa imezimika. Nimeitikisa, nikaona maji yakicheza ndani ya kioo.

Ufukweni nimeifungua juani, mdomo wake ukielekea pasipo mtu, kwa sababu betri ya lithiamu iliyoingiwa na maji ya chumvi huweza kutoa gesi na kuirusha mifuniko. Juu ya oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, palikuwa na uzi mmoja wa taulo, mfupi kuliko ukucha, umelala kwa kukingama. Kila mita 10 huongeza mgandamizo wa angahewa moja, na uzi ule ulitosha kuyafungulia maji mlango. Betri haifai tena. Springi za mguso zimeshaanza kuota ukijani.

Asubuhi nilikuwa nimeifuta ile oringi kwa taulo. Hufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, hupitishwa kidole kuzungusha, hupakwa grisi ya silikoni kidogo tu mpaka ing'ae, kisha hutazamwa kwenye mwanga kabla ya kufunga. Haya yote nilikuwa nayajua.

Ijumaa. Maji mafu.
Nimenunua taa nyingine kwa shilingi 260,000. Boksi linasema lumeni 2,500, digrii 120, dakika 45. Ina oringi mbili. Betri ni ya 21700, mAh 5,000, na kwa sonara imesoma gramu 70. Nimepiga hesabu kabla ya kutoa fedha. Wati 25 kwa betri ya wati-saa 18.5 ni dakika 44. Boksi na kalamu vimekubaliana.

Tumezama baada ya magharibi, maji yametulia. Mita 14, pweza alikuwa ametoka kuwinda. Nilipopunguza taa hadi nusu, mistari myeusi ilianza kutambaa kwenye skrini. Taa nyingi za bei nafuu hupunguza mwanga kwa kujiwasha na kujizima haraka, jicho halioni lakini kamera huona. Nimeirudisha kwenye mwanga kamili, nikaigeuza pembeni zaidi, mistari ikaondoka. Dakika mbili za video zimeharibika.

Kisha pweza akatulia umbali wa sentimita 50. Akawa mwekundu kama tofali, akapauka, akaota vinundu kama jiwe, akarudi kuwa mwekundu. Mpaka mwili wake ulivyopumua nimeupata. Tukirudi tulimkuta pono amelala ndani ya utando wake wa ute. Nimeigeuza taa ukutani tukapita. Usingizi wake hauna deni kwa video yangu.

Mtoto wa jirani ameiona video ya pweza leo usiku, kabla ya kulala. Safari hii hakuuliza rangi.

Kwa yeyote anayetaka kununua: lumeni zilizoandikwa kwenye boksi zisikuongoze. Pima betri kwa mizani, piga hesabu ya dakika, hakikisha mwanga ni mpana, na oringi uiangalie kila unapofunga. Fedha ikibaki, nunua grisi. Halafu jifunze kutulia mpaka kiumbe akuache umkaribie, kwani hata taa ya bei ghali kuliko zote haiwezi kurudisha wekundu wa kasa aliye mita nne.