Bahari Nne za Dodoma

Dodoma haina bahari. Ina zabibu, ina vumbi, ina upepo wa kumvua mtu kofia, lakini mawimbi hayajawahi kupiga pale tangu Mgogo wa kwanza afungue zizi lake. Mimi nimeiona majini mara nyingi. Kazi yangu ni kupokea mafaili ya ramani kutoka kwa watu mbalimbali, kuyageuza ili yaingiliane na ramani nyingine, kisha kupokea simu za wanaouliza kwa nini barabara ya kijiji chao inapita juu ya nyangumi.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na kuhama kwenyewe kukachukua miongo. Kompyuta yangu huihamisha Dodoma nzima, Bunge na soko la Majengo vikiwemo, kwa kubofya mara moja, wala haidai posho ya uhamisho. Na haioni haya. Inachora barabara zote, visima vyote, rangi zimekolea vizuri, halafu inaviweka vyote kwenye kina kirefu na kusubiri uipongeze.

Baada ya kuzama nayo vya kutosha nimejifunza kutazama kwanza ni bahari gani, maana kila kosa lina bahari yake.

Ukiikuta Dodoma Atlantiki, magharibi kidogo ya Tangier, pale maji yanapoingia Mlango wa Gibraltar, mtu amepishanisha namba. Mji uko latitudo 6.17 kusini na longitudo 35.74 mashariki. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba latitudo hutangulia, na fimbo yake haikuwa na mjadala. Programu nyingi za ramani zinataka longitudo mbele. Namba zikibadilishana viti, safari ya Moroko imeiva. Unguja nayo, kwa kosa hilohilo, inatolewa baharini na kutuliwa nchi kavu, kaskazini mwa mji wa Mérida, Hispania. Yaani Wagogo wanapata pwani, Waunguja wanakosa pweza. Mwaka 2019 matoleo mapya ya PROJ na GDAL, mitambo inayofanya ugeuzaji huu ndani ya programu nyingi, yalianza kuheshimu mpangilio rasmi wa kila mfumo. Skripti zilizokuwa zimetulia kwa miaka zikaamka zimeangalia nyuma.

Bahari ya Hindi, mashariki ya Unguja zaidi ya kilomita 200, ni kosa la kanda. Mfumo wa UTM umeikata dunia vipande vya nyuzi sita sita, na mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo 36. Jiji la Dodoma limebaki kanda ya 36, mpaka ukiwa karibu kabisa, ilhali Kongwa na Mpwapwa, za mkoa uleule, zimeangukia kanda ya 37. Waliochora kanda hizi hawakuuliza mkuu wa mkoa. Basi ofisi za Dar es Salaam, zilizozoea 37 kila siku, zinaandika 37 kwa kila kitu, na mji unakwenda kuvua jodari.

Ya tatu ni Aktiki, kiasi cha kilomita 700 kutoka Ncha ya Kaskazini. Huku kusini mwa ikweta UTM hutuongezea mita milioni 10 ili tusihangaike na namba hasi. Ukisahau kuiambia programu kwamba uko kusini, inaamini kweli umetembea mita milioni 9.3 kutoka ikweta kwenda juu. Ya nne, Ghuba ya Guinea, ni nyuzi zilizosomwa kama mita. Hiyo haina hadithi.

Bahari hizi nne nazipenda kwa sababu kosa lake linaonekana hata na mhasibu. Linaloniumiza kichwa ni kosa linalokubakiza nyumbani.

Mzee mmoja wa Kigamboni alichukua namba za bikoni kwenye ramani yake ya upimaji ya zamani, mjukuu akamwekea kwenye simu. Kiwanja kiko hatua chache kutoka ufukweni. Simu ikakionyesha majini.

"Kijana, nimeuziwa samaki?"

"Shikamoo mzee. Ramani yako ina maandishi gani pale chini?"

"Marahaba. Yameandikwa Arc 1960. Ndiyo mwaka wa kununua?"

Arc 1960 ndio mfumo wa zamani wa upimaji Afrika Mashariki, uliojengwa juu ya umbo la dunia la Clarke la 1880. Simu zinatumia WGS 84. Ukisoma namba za UTM za ule wa kwanza kana kwamba ni za huu wa pili, pale Dar es Salaam kiwanja kinasogea takriban mita 300 kaskazini na karibu mita 100 magharibi. Mzee hakuwa ametapeliwa. Alikuwa amesomewa kwa miwani ya mtu mwingine.

Sasa njoo uone waganga wa kosa hili. Mmoja anakamata kiwanja kwa kipanya na kukiburuta mpaka kikae juu ya paa la nyumba kwenye picha ya satelaiti, kisha anahifadhi faili kwa jina "MWISHO_sahihi_2". Mwingine anaingia kwenye mipangilio, anafuta Arc 1960, anaandika WGS 84, anatangaza amegeuza. Hajageuza kitu. Namba ni zilezile, amezibatiza tu, na faili sasa linadanganya likiwa na cheti. Kugeuza ni kuiambia programu namba zimetoka mfumo gani, kisha kuiamuru izikokotoe upya ziingie mfumo unaoutaka. Anayeburuta angalau unamshika, kwa kuwa alama zake hazilingani na namba za bikoni. Huyu wa pili anakuachia kazi ya kitengo cha upelelezi.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji unayetuma ramani: usiniandikie "naomba ufanye haraka, ni ya bosi". Niandikie msimbo wa mfumo wa namba zako za UTM: 21036 au 21037, ambazo ni Arc 1960, ama 32736 au 32737, ambazo ni WGS 84. Ni tarakimu tano tu, na zinaingia hata kwenye jina la faili.