Mchuzi Unaopumua

Chanzo ni video. Usiku mmoja niliangalia Wafaransa wakizungusha glasi za mvinyo, wakinusa kama mtu anayekagua maziwa ya jana, kisha wakidai wamesikia harufu ya ngozi na matunda ya porini. Nikajiambia: pua hata mimi ninayo, na mizabibu ipo Dodoma.

Agosti, msimu wa mavuno, nikamfuata shemeji yangu Hombolo. Yeye ni bodaboda. Alinitazama na shati langu jeupe la kitani, akauliza, "Shemeji, tunakwenda harusini?" Tulipofika kwa mkamuaji wa kwanza, shati lilikuwa la kaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umetubebea barabara nzima?"

Akanimiminia mvinyo mwekundu katika kikombe cha plastiki. Nikakizungusha kama kwenye video, nusu ikaingia kiatuni. Iliyobaki nikainusa, macho nimefumba, nikatangaza kuwa nasikia ukwaju na, kwa mbali, moshi.

"Moshi ni wa jikoni," mama akasema. "Nimeinjika maharage."

Nikauliza pa kutemea, maana waonjaji wa kweli hawamezi. Mama akachungulia kikombe. "Kuna mdudu?" Nikameza. Kwa mkamuaji wa pili nikameza bila kuuliza. Kwa wa tatu nilikuwa nimekwisha sahau kwamba kutema kupo.

Ila mama yule wa kwanza alikuwa mwalimu hasa. Alinionyesha zabibu nyekundu za Makutupora, akanieleza kwamba Ulaya baridi huilaza mizabibu, kwa hiyo wanavuna mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Mkulima anapogolea mwenyewe, mzabibu unachipua upya, na anavuna mara mbili. Nilikuwa naitikia kwa kichwa kama afisa ugani aliyekuja kuthibitisha.

Wakati wa kuondoka nikanunua dumu la lita 5 la mchuzi. Ndiyo, wenyewe wanauita mchuzi wa zabibu: umekamuliwa juzi, hamira bado inakula sukari na kutoa gesi. Mama akaniambia mara mbili, "Kifuniko usikikaze. Bado unapumua." Nikaitikia tena kwa kichwa. Kisha, ndani ya basi la Dar es Salaam, nikikumbuka matuta yote ya njiani, nikakikaza kwa mikono miwili, nikalipakata. Nikamwandikia mke wangu: nakuja na mchuzi, lita 5.

Tulipopita Gairo dumu lilikuwa limevimba kama chura aliyekasirishwa. Nilifikiri ni joto. Nikalipapasa kulituliza.

Sitaki kueleza mlio ule. Ninachokumbuka ni sauti ya mama mmoja nyuma yangu: "Damu! Jamani, kaka wa watu!" Dereva akafunga breki. Konda akaja mbio, na abiria mmoja aliyejitambulisha kuwa muuguzi akanifungua vifungo vya shati akitafuta jeraha. Akatafuta kifuani, akatafuta tumboni, kisha akasita, akanusa. Alinusa vizuri kuliko Mfaransa yeyote.

"Huyu hajaumia," akawatangazia abiria. "Huyu amelewa."

Saa tatu usiku nikafungua mlango wa nyumbani. Ugali mezani, umefunikwa. Watoto wamekwisha nawa mikono. Mke wangu akaniangalia mikono, mitupu.

"Mchuzi uko wapi?"

Nikamwonyesha shati.